Kufuatilia kazi ya mpiga picha mhamiaji wa karne ya 19: mwongozo kamili kwa mfano wa studio za Wagoa wa Zanzibar

Ukigeuza picha za kale za Unguja na kusoma nyuma yake, majina yanayojirudia ni ya Kireno: Gomes, Coutinho, Pereira de Lord. Wengi huwadhania Wareno wa Ulaya. Walikuwa Wagoa, Wakatoliki wa pwani ya magharibi ya India iliyokuwa chini ya Ureno. Habari zao zimetawanyika Zanzibar, Goa, Bombay, Aden na London, na kila mahali jina limeandikwa kivingine.

Kuna kanuni moja ya kushika tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi hii: mtu na duka ni vitu viwili. Mtu huzaliwa, husafiri, huoa, hufa. Duka hupata mshirika, hubadili jina, hurithiwa, na huendelea kuuza picha za marehemu kana kwamba zimepigwa juzi. A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar, J. B. Coutinho akashirikiana naye kwa muda kabla ya kusimama mwenyewe, na baadaye mtoto wa Gomes, P. F. Gomes, akashika biashara ya baba yake. Anayeandika tu "picha ya Gomes" bado hajasema ni Gomes yupi, wala kama Gomes yeyote ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera.

Kwa hiyo fungua jedwali mbili. Moja ni ya mtu: ubatizo, safari, ndoa, kesi, kifo. Nyingine ni ya duka: maneno ya muhuri, anwani, washirika, matangazo. Kila mstari uwe na safu nne: habari yenyewe, imetoka wapi, "si kabla ya" na "si baada ya". Usiweke safu moja ya "mwaka", kwa sababu ukiiweka utajikuta unaijaza kwa kukisia.

Vifaa

Lenzi ya kukuzia mara 10 na nyingine ya mara 30, tochi ndogo, rula ya milimita, penseli laini, glavu za nitrili na skana. Glavu za pamba hunasa kingo za karatasi iliyochanika, ziache. Kalamu ya wino isikaribie meza kabisa.

1. Anza na kadi, si jina

Picha za enzi hiyo zilibandikwa kwenye kadi ngumu. Skani mbele na nyuma ya kadi kwa dpi 600 au zaidi, katika faili la TIFF, na uache kingo zote zionekane. Wengi huskani mbele tu, na kumbe ushahidi wa kazi ya mpiga picha uko nyuma. Nakili maandishi kama yalivyo, pamoja na nukta, alama ya "&", na maneno kama "Co.", "Bros." au "Sons". Badiliko dogo kama hilo ndilo linalotenganisha kipindi kimoja cha duka na kingine.

Pima kadi. Kadi ndogo, iliyoenea baada ya mpiga picha Mfaransa, Disdéri, kuchukua hataza yake Paris mwaka 1854, ina takriban sentimita 6.4 kwa 10. Kadi ya kabineti ni kama 10.8 kwa 16.5, nayo ilianza kuuzwa 1866. Kadi za miaka ya 1860 kwa kawaida ni nyembamba na pembe zake ni kali. Pembe za mviringo zilienea baada ya hapo, na katika miaka ya 1880 kadi zikawa nene, mara nyingi zenye rangi nzito kama kijani kibichi au damu ya mzee, na kingo zilizopakwa dhahabu.

Hapo kuna mtego. Ratiba hiyo ni ya Ulaya. Mpiga picha wa Zanzibar aliagiza kadi kwa shehena kutoka kwa watengenezaji kama Marion wa Paris na London au Wachtl wa Vienna, kisha akazitumia polepole mpaka ziishe. Kadi ya mtindo wa 1875 inaweza kubeba picha ya 1884. Mtindo wa kadi unakupa "si kabla ya" tu. Tafuta chapa ndogo ya mtengenezaji chini kabisa ya mgongo wa kadi. Herufi zake ni ndogo mno, ndiyo maana unahitaji lenzi ya mara 10.

Kadi zenye thamani kubwa kwa mtafiti mara nyingi ndizo zinazoonekana chafu: jina lililochapwa limekatwa kwa wino, au muhuri wa mpira umegongwa juu ya jina la duka jingine. Kadi kama hiyo ilitoka wakati ushirika ulipovunjika au duka lilipohama, kabla shehena mpya haijafika. Ukipata moja, iweke katikati ya jedwali la duka, kisha panga nyingine kabla na baada yake.

2. Tambua picha ilivyotengenezwa

Washa tochi kutoka ubavuni, kisha tazama sehemu nyeupe kwa lenzi ya mara 30. Ukiona nyuzi za karatasi wazi, vyeupe vimegeuka manjano, vivuli ni vya kahawia au zambarau, na uso una nyufa nyembamba mno, hiyo ni karatasi ya ute wa yai. Ndiyo iliyotawala kuanzia miaka ya 1850 hadi karibu 1890. Ukikuta uso laini usioonyesha nyuzi, kuna tabaka jeupe la barita (unga wa chumvi ya bariamu) chini ya jelatini au kolodioni (utando wa pamba iliyoyeyushwa kwa etha), na hapo uko miaka ya katikati ya 1880 au baadaye. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa mistari, hiyo si picha ya chumba cha giza hata kidogo. Ni wino wa mashine ya kuchapia, na bila shaka unatazama postikadi au ukurasa uliokatwa kwenye kitabu.

Sahani, yaani kioo kilichopakwa dawa na kuwekwa ndani ya kamera, nayo ina habari zake. Kolodioni mbichi, mbinu iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilidai kioo kipakwe, kipigwe na kisafishwe kabla hakijakauka. Ni suala la dakika kumi na kitu tu, na kwenye joto la pwani etha huruka haraka zaidi. Mpiga picha wa Unguja aliyetaka kupiga nje ya studio alibeba hema la giza, chupa za dawa na maji. Sahani kavu za jelatini zilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1870, mzigo huo ulipungua. Kwa hiyo, ukiona duka linaanza kuuza kwa wingi mandhari za mashamba na picha za bara, jiulize kwanza kama sahani kavu zimefika. Huenda biashara haikubadilika, ila vifaa tu. Jelatini nayo ilikuwa na taabu yake: kwenye maji ya vuguvugu tabaka hulainika na kuinuka kingoni. Mikunjo midogo kwenye kingo za picha ni alama ya tatizo hilo. Usidhani ni uharibifu wa baadaye.

3. Soma kilichomo ndani ya picha

Mji Mkongwe una saa yake kwa wanaotafuta tarehe. Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa 1883, enzi za Sayyid Barghash. Mbele ya majumba ya kifalme, upande wa bahari, ulisimama mnara wa taa, peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga ikulu ili kumwondoa Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani. Mnara ule uliharibiwa, na Beit al-Hukm, jumba la kifalme jirani yake, pia. Ukarabati uliofuata ulileta mnara wa saa ulioungana na uso wa Beit al-Ajaib.

Kwa hiyo, ukiona mnara umesimama peke yake na Beit al-Ajaib iko nyuma, sahani ilipigwa kati ya 1883 na Agosti 1896. Mnara ukiwa umegandana na jengo, si kabla ya 1897. Kifusi ni majuma au miezi michache baada ya shambulio. Usilinganishe na jengo unaloliona leo, maana mnara na sehemu ya uso wake vilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Linganisha na picha nyingine za kale zenye tarehe ya hakika.

Alama nyingine ni kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 kwenye eneo la soko la watumwa, na kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1890. Tazama mstari wa paa za mji katika picha zilizopigwa kutoka baharini. Minara hiyo ikikosekana mahali ambapo ingepaswa kuonekana, una "si baada ya".

Picha za masultani zisikudanganye. Barghash alitawala 1870 hadi 1888, lakini alipigwa picha London alipozuru Uingereza mwaka 1875, na picha za wakubwa zilipigwa upya kutoka kwenye nakala na kuuzwa na yeyote aliyekuwa na kamera. Muhuri wa duka nyuma ya sura ya Sultani unathibitisha kwamba duka liliiuza, basi. Ukitaka kujua kama ni nakala, angalia ukali wa picha: iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine hupoteza vitu vidogo kwenye vivuli, na mara nyingine huonyesha nyuzi au ukingo wa karatasi ya kwanza ndani ya picha yenyewe.

4. Vitu vya studio ni mashahidi

Hatua hii hurukwa na wengi, ingawa ndiyo inayoweza kueleza uhusiano wa maduka mawili. Kusanya picha za watu walioketi studio na utazame yaliyowazunguka: pazia lililochorwa, kiti, meza, zulia, nguzo ya mbao. Mapazia na viti vya aina moja viliuzwa kwa katalogi sehemu nyingi duniani, hivyo kufanana tu hakutoshi. Tafuta kasoro. Pazia lina mkunjo unaopita kwenye shina la mti uliochorwa? Mguu wa kiti umemeguka upande wa kushoto? Mkeka una kiraka? Kasoro ileile ikionekana chini ya muhuri wa duka la kwanza kisha la pili, vifaa vilihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, au wawili walikuwa chumba kimoja. Kasoro pia huongezeka na miaka, kwa hiyo unaweza kupanga picha kwa kuangalia pazia linavyochakaa.

Fanya jedwali la tatu kwa hili. Kata kila kasoro kutoka kwenye skani, ipe herufi, na uandike ni kadi zipi zinazo.

Namba zilizokwaruzwa kwenye sahani nazo zisaidie, ila kwa tahadhari. Namba ya mandhari kwa kawaida ni ya katalogi ya mauzo, na duka lingeweza kuipa picha mpya namba ya picha ya zamani ambayo sahani yake imevunjika. Namba ya mtu aliyeketi studio, ikiwa imeandikwa kwa mkono nyuma ya kadi, ni ya daftari la wateja, na hizo huwa zinapanda kwa mfululizo. Usichanganye safu hizo mbili.

5. Magazeti na vitabu vya anwani

Gazeti la Zanzibar lilianza 1892, likitoka kila wiki, kwa jina la *The Gazette for Zanzibar and East Africa*. Soma matangazo kwa mpangilio wa tarehe, na kwa kila tangazo andika toleo la kwanza lilipotokea, la mwisho, na kila neno lililobadilika katikati. Tangazo lililorudiwa miezi sita bila kuguswa linathibitisha tu kwamba malipo yaliendelea. Lililobadilika kutoka jina moja kwenda "& Co." ni habari. Pitia pia notisi za kuvunja ushirika, minada ya vyombo vya nyumbani (kuuza vyombo mara nyingi ni dalili ya safari), na orodha za abiria wa meli pale zilipochapishwa.

Kabla ya 1892 huna gazeti la hapa, kwa hiyo rudi kwenye vitabu vya anwani vya Bombay, ambavyo mara nyingi vilitaja Aden pia, kwa kuwa Aden ilitawaliwa kutoka Bombay. Njia ilikuwa hiyo: mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zilibeba barua kati ya Aden na Zanzibar. Mpiga picha aliyetoka India mara nyingi alipitia bandari hizo, na wengine walifanya kazi huko kwanza.

Ikiwa duka lilikuwa na tawi Dar es Salaam, soma gazeti la Kijerumani la *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung*, lililoanza 1899. Kwa Mombasa, *African Standard* ya A. M. Jeevanjee, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Humo ndimo unapowapata pia wahamiaji wa aina nyingine, kama William D. Young aliyepiga picha za reli ya Uganda na kuhama kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

6. Kanisa, konsuli na mahakama

Hapa unajaza jedwali la mtu. Mgoa Mkatoliki aliyeishi Unguja ameacha alama kanisani: ndoa, ubatizo wa watoto, maziko. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa Zanzibar tangu miaka ya 1860, kwa hiyo daftari ni za Kilatini na Kifaransa. J. B. kwa Wagoa kwa kawaida ni João Baptista, na katika Kilatini utamkuta Joannes Baptista. F. X. ni Francisco Xavier. Andika orodha ya maumbo yote ya jina kwa Kireno, Kiingereza, Kilatini na Kifaransa kabla hujafungua daftari hata moja. Majina yenye "de" yatafute mara tatu: Pereira de Lord unaweza kumkuta chini ya P, D au L.

Usisome mstari wa mtoto tu. Wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa ndio mtandao wa biashara. Mpiga picha mwenzake akisimamia ubatizo wa mtoto, umepata uhusiano ambao huenda muhuri wa duka haukuusema kamwe. Nyaraka za shirika hilo zisizobaki visiwani zitafute Chevilly-Larue, karibu na Paris.

Kwa mambo ya kiserikali nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Barua za konsuli wa Uingereza zimo katika mfululizo wa AA na za sekretarieti katika AB. Ulizia kibali cha utafiti mapema, hasa kama si raia. Kumbuka Mgoa aliyezaliwa Goa alikuwa raia wa Ureno, si wa Uingereza, hivyo kukosekana kwake kwenye orodha za konsuli wa Kiingereza hakumaanishi hakuwepo. Tafuta mambo yake kwa konsuli wa Ureno. Aliyezaliwa Bombay ni kinyume chake.

Jalada la mirathi likipatikana, lisome neno kwa neno. Orodha ya mali ya marehemu hutaja lenzi, mapazia, masanduku ya sahani na wadeni wake, na mgawanyo wake unaonyesha sahani zilikwenda kwa nani. Hapo ndipo jedwali la mtu linapofungwa na la duka linapoendelea.

7. Kurudi kijijini

Ili kumpata mtu Goa unahitaji kijiji. Jina tupu halitoshi, kwa sababu Gomes wamejaa Bardez na Salcete, wilaya za Goa. Kijiji hutajwa kwenye mstari wa ndoa, kwenye jiwe la kaburi, au katika wosia. Ukishakipata, daftari za parokia hiyo zitafute parokiani au kwenye hifadhi ya serikali mjini Panaji. Usikubali mtu mpaka vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane, kwa mfano jina la baba na jina la mke. Umri peke yake hautoshi, kwani kwenye maziko mara nyingi ulikisiwa.

8. Tafuta picha ziliko

Unyevu na kuvu viliharibu nyingi zilizobaki pwani. Zilizonusurika kwa wingi ni zile zilizosafirishwa na wateja. Mkusanyo wa Humphrey Winterton uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, na umewekwa kwenye intaneti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina mkusanyo wa Royal Commonwealth Society, na Chuo Kikuu cha Frankfurt kinahifadhi picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Tafuta kwa jina la mahali kuliko kwa jina la mpiga picha, maana majina yaliwekwa baadaye na wakutubi, na mara nyingine kwa kukisia. Andika Zanzibar, Sansibar na Zanguebar. Omba skani ya nyuma ya kadi, hata kama haijawekwa.

Albamu za maofisa wa jeshi la majini la Uingereza zina faida ya ziada. HMS London, kwa mfano, ilitia nanga Unguja kuzuia biashara ya watumwa katika miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Daftari za safari za meli ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, mfululizo wa ADM 53. Ukijua siku ofisa alizokuwa bandarini, umepata dirisha la siku ambazo angeweza kununua picha. Maelezo aliyoyaandika chini ya picha, lakini, aliyaandika mara nyingi akiwa kwao, miaka baadaye.

Mwisho ni postikadi. Kadi ambayo mgongo wake haujagawanywa kwa mstari kwa kawaida ilichapwa kabla ya katikati ya muongo wa 1900. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902. Zanzibar ilianza huduma yake ya posta, mbali na ile ya India, mwaka 1895, kwa hiyo stempu na mhuri wa posta hukupa "si baada ya" nzuri. Ila ni tarehe ya kadi kusafiri. Sahani yenyewe yaweza kuwa na miaka kumi na zaidi, na mpigaji awe ameshakufa.

9. Andika matokeo

Tumia maneno matatu tofauti na usiyabadilishane. "Imepigwa na" iwe kwa picha ambayo una ushahidi wa mtu aliyeshika kamera. "Imetolewa na studio ya" iwe kwa muhuri wa duka. "Inahusishwa na" iwe kwa kasoro za pazia, mtindo, au kauli ya mkutubi. Tarehe iandikwe kama kipindi, mathalani 1883–1896, na sababu yake iwe kwenye mstari huohuo: "mnara peke yake, Beit al-Ajaib nyuma; kadi ya kabineti; muhuri wa & Co." Usiandike "takriban 1890" bila sababu, kwa kuwa anayefuata ataondoa neno "takriban" na tarehe yako ya kukisia itaingia kwenye katalogi kama ukweli.

Picha moja ikitokea na mihuri ya maduka mawili, iweke chini ya yote mawili katika jedwali la duka, na uache jedwali la mtu wazi mpaka nyaraka zijaze.